Wahubiri wa Akiba

Tarehe 3 Machi 1865, wiki sita kabla ya kupigwa risasi, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kuanzisha benki ya watu waliotoka utumwani. Jina lake rasmi lilikuwa Freedman's Savings and Trust Company, ila watu waliizoea kwa jina fupi la Freedman's Bank. Miaka tisa baadaye ilifunga milango ikiwa na akiba ya watu 61,144, karibu dola milioni 3.

Nakisimulia kisa hiki kwa ajili ya wale wanaofanya kazi ya kukaa mezani na watu wa kipato kidogo na kuwashauri kuhusu bajeti, madeni, mikopo na akiba. Kazi hiyo imeenea sana Marekani, na miongoni mwa wanaoketi upande wa pili wa meza hizo wamo ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, hasa familia za Wakongo waliopokewa huko kama wakimbizi. Taasisi kadhaa zinazotoa ushauri huo zinasema sasa zinataka kuzingatia haki na usawa wa rangi. Nia ni njema. Lakini asiyejua yaliyowapata wateja wa Freedman's Bank anaweza kuyarudia yale yale huku akiamini anatenda haki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokuwa vinaelekea mwisho, askari weusi wapatao 180,000 walikuwa wamepigana upande wa Kaskazini. Walilipwa mishahara, na wengine walipewa fedha za kujiunga na jeshi. Mtu ambaye jana alikuwa mali ya mtu mwingine leo alikuwa na noti mfukoni, na hapakuwa na mahali salama pa kuziweka. Majenerali wachache walifungua benki ndogo za askari, mojawapo Beaufort huko South Carolina na nyingine Norfolk huko Virginia. Mchungaji mmoja mzungu, John Alvord, aliziona akapata wazo la benki moja kubwa kwa watu wote walioachwa huru. Aliwashawishi matajiri na wacha Mungu wa New York, Kongresi ikapitisha sheria, benki ikaanza.

Alvord alizunguka majimbo ya Kusini akihubiri makanisani na mashuleni. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tunavyosema sisi, na mahubiri yake yalikuwa hayo hayo kwa lugha yake: fanya kazi, acha pombe, acha anasa, weka akiba. Benki ilipokea hata senti 5. Kitabu cha akiba alichokabidhiwa mteja kilikuwa na jedwali la kumwonyesha kwamba akiweka senti 10 kila siku, kwa riba ya asilimia 6, baada ya miaka kumi atakuwa na zaidi ya dola 480. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Matangazo yalibeba picha ya Lincoln, na Alvord mwenyewe alikuwa pia ofisa wa idara ya serikali iliyosimamia mambo ya watu walioachwa huru, kiasi kwamba mtu wa kawaida hakuweza kutofautisha benki na serikali. Aliamini pesa yake imedhaminiwa na taifa lililomkomboa, ingawa sheria haikuweka dhamana ya namna hiyo.

Na watu waliweka. Wafua nguo, wachukuzi, wakulima waliolima mashamba ya wengine, watumishi wa nyumbani, watoto wa shule, makanisa, vyama vya kuzikana. Kuanzia Richmond hadi Vicksburg, kuanzia Charleston hadi New Orleans, matawi yalifunguliwa yakafika zaidi ya 30. Ukijumlisha fedha zote zilizopita mikononi mwa benki kwa miaka ile tisa unapata kiasi cha dola milioni 57. Naomba msomaji aikumbuke namba hiyo kila atakaposikia kwamba shida ya watu weusi wa Marekani ni kutojua kuweka akiba. Walijifunza somo lile haraka kuliko mwalimu alivyotarajia, na walilitekeleza wakiwa hawana ardhi, hawana urithi, na wengi hawajui kusoma.

Daftari la tawi linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndipo kisa chote kilipo. Mteja alipofika kufungua akaunti, karani alimhoji na kuandika: jina, umri, rangi ya ngozi, alikozaliwa, alikolelewa, anakoishi, kazi yake na anamfanyia nani, jina la mke au mume, watoto, baba, mama, kaka na dada. Fomu za miaka ya mwanzo ziliuliza hata jina la bwana na bibi waliommiliki zamani. Kama alikuwa askari, waliandika kikosi chake. Wengine waliwataja ndugu waliouzwa mbali wasijue kama wako hai. Karani alihitaji maelezo hayo ili kumtambua mtu asiyejua kutia saini, na leo Wamarekani weusi wanayatumia kutafuta mababu zao, maana majina yaliyomo yanakaribia 480,000 na pengine hayakuandikwa mahali pengine popote.

Benki, basi, ilimjua mteja mpaka jina la mama aliyetenganishwa naye. Mteja hakujua hata jambo moja kuhusu benki. Hakujua nani anakaa kwenye kamati ya fedha. Hakujua pesa yake imekopeshwa kwa nani wala kwa dhamana gani. Hakuna aliyemfundisha kuuliza, na wahubiri wa akiba hawakuona kama kuuliza ni sehemu ya somo.

Pesa zenyewe hazikukaa Vicksburg wala Charleston. Zilikusanywa na kupelekwa makao makuu, ambayo mwaka 1867 yalihamia Washington. Kwa sheria ya mwanzo, sehemu kubwa ya amana ilitakiwa kuwekwa kwenye hati fungani za serikali. Mkulima mweusi aliyetaka mkopo wa kununua ekari chache hakuupata, kwa kuwa ile ilikuwa benki ya kuweka, siyo ya kukopesha. Mwaka 1870 Kongresi ilibadilisha sheria na kuruhusu mikopo kwa dhamana ya nyumba na viwanja, na hapo milango ikafunguka, lakini siyo kwa mkulima. Mwenyekiti wa kamati ya fedha alikuwa Henry Cooke, mdogo wake Jay Cooke aliyekuwa bwanyenye mkubwa kuliko wote wa fedha nchini. Mikopo ikaanza kwenda kwa wafanyabiashara wazungu wa Washington, marafiki na washirika wa waliokuwa wakiidhinisha. Kampuni moja ya machimbo ya mawe, Seneca Sandstone, ambayo Cooke mwenyewe alikuwa na maslahi ndani yake, ilipewa maelfu ya dola kwa dhamana ya hati zisizo na thamani. Wakati huo benki ilikuwa ikijenga jumba la fahari karibu na Ikulu, mkabala na Wizara ya Fedha. Mtu mweusi aliyepita pale alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna, kwani zilikuwa senti zake.

Septemba 1873 kampuni ya Jay Cooke ilianguka na kuvuta uchumi wa nchi nzima. Wawekaji wakaanza kutoa pesa. Machi 1874 bodi ilimchagua Frederick Douglass, mtu mweusi aliyeheshimika kuliko wote Marekani, kuwa rais wa benki. Yeye mwenyewe alikuwa ametoroka utumwani, na jina lake lilitosha kuwatuliza watu. Aliingia akiamini benki ni nzima. Aliikopesha dola 10,000 zake mwenyewe. Ilimchukua wiki chache kugundua kwamba waliokuwa wakiijua hali halisi walikuwa wamekwisha kuhamisha fedha zao, na kwamba yeye ameletwa kusimama mlangoni. Akaenda kwa maseneta akawaeleza ukweli. Mwishoni mwa Juni benki ikafungwa.

Hapa kuna jambo ambalo taasisi za leo hazipendi kulisikia. Kuweka uso mweusi mbele ya mfumo mbovu hakukuwasaidia wateja weusi, kulichelewesha tu siku ya wao kujua. Nimesoma mipango ya usawa wa rangi inayoanzia na kuishia kwenye kuajiri washauri wanaofanana na wateja. Waajiriwe, tena wengi, maana mtu huongea kwa uhuru na anayejua maisha yake. Lakini mshauri asiyeruhusiwa kusema lolote kuhusu benki inayofadhili ofisi yake yuko pale pale aliposimamishwa Douglass, tofauti ni kwamba Douglass alikwenda kusema.

Malipo ya waliopoteza yalikuwa adhabu ya pili. Mwenye kudai alitakiwa kutuma kitabu chake cha akiba Washington. Wapo waliokwisha kufa, waliohama, walioogopa kutuma ushahidi wao pekee kwa ofisi iliyokwisha kuwadanganya, na wapo ambao habari haikuwafikia kabisa. Waliofanikiwa walilipwa kidogo kidogo, na hadi mwaka 1883 walikuwa wamepata asilimia 62. Wengine hawakupata hata senti. Rais Grover Cleveland aliiomba Kongresi mwaka 1886 iwafidie, na miswada ya namna hiyo ilirudi mara kwa mara. Hakuna uliopita. Msomi mweusi W. E. B. Du Bois aliandika mwaka 1903 kwamba hasara ya fedha ilikuwa ndogo ukilinganisha na ile ya imani, kwa sababu pamoja na amana ilipotea imani ya kizazi kizima katika kuweka akiba.

Kisha lawama ikamgeukia aliyeibiwa. Kwa miaka mingi ilisemwa, na ingali inasemwa, kwamba watu weusi hawaziamini benki, kana kwamba ni tabia waliyozaliwa nayo. Somo la akiba likarudi tena mezani, safari hii kama dawa ya tabia hiyo.

Nitayapitia haraka ya karne iliyofuata, kwa kuwa yameandikwa sana. Mwaka 1934 serikali ilianza kudhamini mikopo ya nyumba, na mitaa ya watu weusi ikawekwa nje ya dhamana hiyo kwa miongo kadhaa; wachoraji wa ramani za mikopo waliipaka rangi nyekundu. Familia nyingi za kizungu zilijenga utajiri wao kwa nyumba zilizonunuliwa kwa mikopo hiyo, zikawarithisha watoto. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika nyumba ilikuja mwaka 1968, na ile ya mikopo, iliyotungwa mwaka 1974, haikutaja rangi mpaka iliporekebishwa mwaka 1976, zaidi ya miaka 100 tangu Freedman's Bank ifungwe. Uchunguzi wa benki kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba familia ya kizungu iliyo katikati kabisa ya safu ilikuwa na mali ya dola 285,000, na ya watu weusi dola 44,900. Wanauchumi William Darity na Darrick Hamilton wameeleza kwa miaka mingi kwamba pengo hilo halitokani na tabia ya matumizi, na kwamba hakuna kiasi cha kujinyima kitakacholiziba.

Yaliyotokea Baltimore, hata hivyo, lazima yasimuliwe polepole, kwa sababu yanafanana na mahubiri ya Alvord kuliko ninavyoweza kuvumilia. Mwaka 2008 jiji hilo liliishtaki benki ya Wells Fargo. Mwaka uliofuata waliokuwa wafanyakazi wa benki hiyo walieleza kwa kiapo kwamba wateja weusi waliostahili mikopo ya kawaida walikuwa wakisukumwa kwenye mikopo ya gharama kubwa, na kwamba njia mojawapo ya kuwafikia ilikuwa semina za kujenga utajiri zilizoandaliwa kupitia makanisa ya watu weusi. Mchungaji alifungua ukumbi, waumini wakaja na madaftari wakidhani wamekuja kufundishwa. Mwaka 2012 benki ilikubali kulipa dola milioni 175 kumaliza madai ya Wizara ya Sheria, huku ikikana kwamba ilibagua. Kwenye mashtaka hayo wizara ilieleza kuwa eneo la Chicago, mwaka 2007, mteja mweusi aliyekopa dola 300,000 kupitia dalali alitozwa ada ya wastani wa karibu dola 2,900 zaidi ya mzungu mwenye sifa kama zake.

Semina ile, kama semina, haikuwa na kosa. Huenda ilifundisha bajeti vizuri, na msikilizaji aliondoka akijua faida ya kumiliki nyumba. Kilichokosekana ni mtu mmoja ukumbini wa kumwambia: kabla hujatia saini, omba masharti waliyopewa wateja wa mtaa ule mwingine, kisha linganisha.

Sasa njoo kwenye meza ya mshauri wa leo. Siku ya kwanza mteja hujaziwa fomu: mapato, kodi ya nyumba, chakula, gari, simu, idadi ya wategemezi, madeni, alama zake za mkopo. Mshauri anaipitia akitafuta panapovuja. Mama wa Kikongo anayefanya kazi ya ghala huko Kentucky ataulizwa kuhusu zile dola 150 za kila mwezi zilizoandikwa kwamba ni za kutuma nyumbani, kwa mama yake aliyebaki kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Tanzania. Ataambiwa kwa upole azifikirie upya. Mwenzake Mmarekani mweusi ataulizwa kuhusu pesa anazompa shangazi. Mshauri huyo anaona mvujo, wala haoni kwamba kijana wa familia yenye urithi haombwi mchango wa mazishi kwa mshahara wake wa kwanza kwa sababu babu yake aliacha nyumba, na yule mwingine anaombwa kwa sababu babu yake hakuruhusiwa kuinunua. Kumwambia aache kutoa ni kumwambia abebe peke yake gharama ya ubaguzi ambao yeye hakuuanzisha, tena kwa kuwatupa jamaa zake.

Mshauri anayetaka haki aanze kwa kuigeuza fomu. Maswali yale yale ya kina tunayomuuliza mteja yaulizwe kuhusu kila anayepokea pesa yake. Chukua yule mama wa Kikongo: alikuja Marekani akiwa na deni la nauli ya ndege, maana wakimbizi husaini kulilipa kabla ya kupanda. Deni hilo halina riba, na mshauri amweleze hivyo asije akalilipa kwa haraka huku akiacha deni baya zaidi. Gari lake alikopeshwa kwa riba gani, na muuzaji aliongeza asilimia ngapi juu ya ile aliyoitaka mkopeshaji? Duka la mikopo ya mshahara lililo karibu na ghala linatoza dola 15 kwa kila dola 100 kwa wiki mbili. Mwaka mzima hiyo ni asilimia 390, na iandikwe hivyo kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa. Bima ya gari imepangwa kwa jinsi anavyoendesha au kwa mtaa anaoishi? Kodi ya nyumba ambayo hajawahi kuchelewesha inahesabiwa kwenye alama zake za mkopo? Kama haihesabiwi, nani anaweza kuandikiwa barua? Simu ipigwe pale pale mezani, mshauri akiwa upande wa mteja, kwa sababu mtu anayejua Kiingereza cha barua za benki husikilizwa tofauti, na kulijua hilo bila kulitumia ni uvivu.

Fomu iliyogeuzwa imfikie pia mfadhili. Tangu mwaka 1977 sheria ya Marekani inazitaka benki kuhudumia mitaa yote zinakochukua amana, na benki inayofadhili au kutoa elimu ya fedha kwa watu wa kipato kidogo hupata sifa kwa wakaguzi wa serikali. Ndiyo maana madarasa mengi ya bajeti yana nembo ya benki ukutani. Si vibaya kwa benki kulipia darasa. Ni vibaya mwalimu kulipwa na benki akaacha kusema inakopesha nani. Na hilo halihitaji upelelezi: sheria ya mwaka 1975, iliyopanuliwa baadaye, inazilazimisha benki kutangaza maombi ya mikopo ya nyumba yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, pamoja na rangi ya waombaji na eneo la nyumba. Takwimu ziko wazi kwenye intaneti, bure. Mshauri anaweza kuzichukua za benki iliyolipia darasa lake, mtaa kwa mtaa, akazigawa kwa wanafunzi kabla ya jedwali la akiba. Mfadhili akikasirika, darasa litakuwa limejifunza jambo moja zaidi kuhusu mahali linapoombwa kupeleka pesa zake.